Tabo Mahali pa Saileinsa: Land Cruiser V8 na Milima ya Nyanda za Juu Kusini

Gari la petroli lisilo na tabo, kifaa kinachotumia moshi wa injini kusukumia injini hewa zaidi, likitoka Dar es Salaam kwenda Mbeya hupungukiwa nguvu kadiri linavyopanda, na dereva yeyote aliyezoea njia hiyo anaijua hali hiyo kwa mguu wake wa kulia. Pwani mgandamizo wa hewa ni takriban bar 1. Ukifika Mafinga, kwenye mwinuko wa mita 1,900 hivi, unabaki kama bar 0.8, na ukipanda hadi uwanda wa Kitulo, mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, unakuta karibu bar 0.74. Injini huvuta hewa kwa ujazo wala haipimi uzito wake, kwa hiyo silinda iliyojaa Chalinze hujaa vilevile Mafinga, lakini oksijeni iliyomo ndani imepungua kwa sehemu moja ya tano, na petroli inayoweza kuungua humo imepungua kwa kiasi hichohicho.

Gari langu ni Land Cruiser 100 yenye injini ya 2UZ-FE, V8 ya lita 4.7, mojawapo ya mashangingi yaliyotengenezwa kati ya mwaka 1998 na 2007. Ni injini ninayoiheshimu kuliko zote nilizowahi kuendesha: bloku yake ni ya chuma, haina papara, na ikitunzwa inadumu mno. Lakini nguvu farasi zake 230 na ushei ni za usawa wa bahari. Pale Mafinga, ukiwa na abiria wamejaa, mizigo juu ya paa na gunia la viazi nyuma, unaendesha gari la tani tatu kwa nguvu farasi zisizofika 190. Ndiyo maana niliamua kulifunga tabo, na ndiyo maana makala hii inahusu zaidi kurudisha kilichopotea kuliko kutafuta mbio.

Lengo hilo ndilo lililoizaa tabo katika matumizi yake ya mwanzo. Mswisi Alfred Büchi aliandikisha wazo la kuutumia moshi wa injini kusukuma hewa mwaka 1905, na mwaka 1918 Mmarekani Sanford Moss, wa kampuni ya General Electric, akapandisha injini ya ndege aina ya Liberty hadi kilele cha Pikes Peak katika jimbo la Colorado, zaidi ya mita 4,200 juu ya bahari, ili aonyeshe tofauti mbele ya macho ya watu. Injini hiyo ilitoa nguvu farasi zipatazo 350 bondeni. Kileleni, bila tabo, ilishuka hadi 230, na ilipofungwa tabo ikatoa 356. Ninapenda sana jaribio lile kwa sababu linajibu swali la mtu wa Makambako au Njombe moja kwa moja: Moss hakudai miujiza, alidai hewa ya bondeni apewe akiwa mlimani.

Swali lililofuata lilikuwa mahali pa kuifunga. Ukifungua boneti ya Land Cruiser 100 ya V8 utaona kwamba nafasi haipo. Kila upande wa injini una manifoldi yake ya moshi, yaani bomba linalokusanya moshi wa silinda za upande huo, imebanwa kati ya bloku na chasisi. Kwa gari la usukani wa kulia, shafti ya usukani inapita karibu kabisa na manifoldi ya upande huo. Na chini kuna difu ya mbele, gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu. Kuweka tabo mbili ndogo, moja kila upande, ni kutengeneza manifoldi mpya na kuipika kwa joto kila waya na kila mpira uliopo. Kuweka tabo moja ni kuuvusha moshi wa upande mmoja kwenda mwingine kupitia mahali pasipopitika. Lakini moshi wa pande zote mbili tayari unakutana wenyewe chini ya sakafu, katika bomba moja linaloelekea kwenye saileinsa, chombo cha kupunguza kelele za ekzosi. Ukiitoa saileinsa na kuweka tabo mahali pake, umepata tabo moja inayolishwa na silinda zote nane bila kugusa kitu chochote chini ya boneti, ukiacha bomba la hewa linalorudi mbele.

Mpangilio huu wa tabo ya mbali ulienezwa kibiashara na kampuni ya Squires Turbo Systems ya Utah, Marekani, ambayo miaka ya 2000 ilijulikana kwa kuuza vifaa vya kufunga tabo nyuma kwenye magari ya V8. Wazo lenyewe ni la zamani zaidi. Ndege ya kivita ya P-47 Thunderbolt, iliyoruka kwa mara ya kwanza mwaka 1941, ilikuwa na injini puani na tabo nyuma ya rubani. Moshi ulisafirishwa kwa mabomba hadi huko, na hewa iliyogandamizwa ikarudishwa mbele baada ya kupozwa. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba tabo iliyo mbali na injini haiwezi kufanya kazi, mkumbushe kwamba maelfu ya marubani waliitegemea wakiwa juu mahali ambapo hewa haitoshi hata kupumua.

Umbali huo hata hivyo una gharama, nayo ni vyema ieleweke kwa usahihi kwa sababu maelezo yanayozunguka mitaani mara nyingi yanalenga mahali pasipo. Watu husema kwamba tabo ya nyuma ni mvivu kwa sababu bomba la hewa ni refu na huchukua muda kujaa. Hesabu haikubali. Bomba la urefu wa mita tatu na nusu lenye kipenyo cha milimita 63 lina ujazo wa lita 11. Ili kuongeza humo bar 0.35 unahitaji lita nne za hewa ya ziada, ilhali injini hii ikizunguka mara 2,000 kwa dakika inavuta zaidi ya lita 60 kila sekunde. Kujaza bomba hakuchukui hata sehemu moja ya kumi ya sekunde. Uvivu wa kweli unatoka upande wa moshi. Moshi unaoondoka kwenye manifoldi ukiwa na nyuzi joto 800 au zaidi hupoteza mamia ya nyuzi kabla haujafika nyuma, na unapopoa unasinyaa, kwa hiyo unaligonga gurudumu la tabo kwa nguvu ndogo kuliko ambayo ungekuwa nayo kule mbele. Dawa yake ni mbili. Kwanza, upande wa moshi wa tabo uwe na njia nyembamba kuliko ile ambayo ungechagua kwa injini ya ukubwa huohuo ikifungwa mbele, ili moshi uliosinyaa bado upite kwa kasi. Pili, bomba la moshi livikwe utepe wa kuzuia joto kuanzia manifoldi hadi kwenye tabo. Utepe huo hushika unyevu, na bomba la chuma cha kawaida likivikwa hivyo linaoza kwa ndani bila kuonekana, kwa hiyo ninamsihi kila anayetaka kazi hii atumie bomba la chuma kisichoshika kutu hata kama bei yake inauma.

Faida ya umbali ni kwamba hewa inayorudi mbele inapoa njiani. Kitulo, ukigandamiza hewa ya nje ya bar 0.74 kwa kuongeza bar 0.35, joto lake hupanda kwa nyuzi karibu 50. Bomba la alumini linalopita chini ya sakafu likipigwa na upepo hupunguza sehemu ya joto hilo, na kwa mgandamizo mdogo namna hii sikuona haja ya kufunga intakula, yaani kipozeo cha hewa iliyogandamizwa. Mwenye gari angekuwa anatafuta bar 0.7, ningemwambia mambo mengine kabisa.

Sasa nije kwenye oili, maana hapo ndipo tabo ya nyuma inapofaulu au kuua injini.

Fundi aliyenisaidia, mtu wa Mbeya aliyezeekea kwenye magari ya dizeli, alisikiliza maelezo yangu yote kuhusu mgandamizo na mabomba, kisha akanyoosha kidole chini ya gari. "Hewa nitakupa, kaka, kadiri utakavyo," alisema. "Niambie kwanza oili itarudi na nini. Oili haipandi mlima yenyewe." Sijasikia kauli iliyobeba suala hili kwa ufupi zaidi. Tabo iliyofungwa karibu na injini hukaa juu ya sampu, beseni la oili lililo chini ya injini: oili inaingia kwa nguvu ya pampu ya injini, inalowesha beringi, kisha inadondoka yenyewe kwenye bomba pana na kurudi chini. Tabo iliyo mahali pa saileinsa iko sawa na sampu au chini yake, tena mita tatu nyuma. Oili ikifika huko haina njia ya kurudi isipokuwa isukumwe.

Kinachoisukuma ni pampu ndogo ya umeme iliyo kando ya tabo, inayonyonya oili kutoka chini ya nyumba ya beringi na kuipeleka mbele hadi kwenye mfuniko wa valvu. Pampu hiyo ni kifaa kidogo kuliko ngumi, lakini maisha ya injini yote yako mikononi mwake. Ikisimama, oili inaendelea kuja kwa sababu pampu ya injini haijui kilichotokea nyuma. Nyumba ya beringi inajaa, oili inavuka sili, inaingia kwenye ekzosi na kutoka kama moshi wa bluu, na nyingine inaingia upande wa hewa. Dereva aliye peke yake usiku, akipanda mlima wa Inyala huku upepo ukipeperusha moshi, anaweza kuimaliza sampu bila kuona chochote hadi taa ya oili iwake, na taa ile ikiwaka kwenye mwendo wa mlima mara nyingi umeshachelewa.

Kwa hiyo mfumo wangu hauiamini pampu hata kidogo. Kwenye bomba la kurudishia kuna swichi ya mgandamizo. Pampu ikisukuma, swichi inatulia. Bomba likikosa msukumo wakati injini inazunguka, taa nyekundu inawaka kwenye dashibodi na kengele inalia kwa sauti inayoshinda redio. Kabla ya pampu kuna chujio la wavu, kwa sababu chembe moja ya kaboni inatosha kukwamisha gia zake. Pampu ina fyuzi yake na rilei yake (swichi inayoendeshwa kwa umeme), haichangii waya na kitu kingine, na rilei hiyo ina kichelewesho kinachoiacha iendelee kufanya kazi kwa muda mfupi baada ya injini kuzimwa, ili oili iliyobaki isilale kwenye nyumba ya tabo yenye moto na kuungua. Kwenye bomba linaloleta oili, karibu kabisa na tabo, kuna valvu ya njia moja inayozuia oili ya bomba lote isidondokee humo gari linapolala.

Jaribio lililonipa imani lilikuwa rahisi. Kabla hatujaunganisha bomba la kurudi kwenye injini, fundi aliliingiza kwenye chupa ya maji ya lita moja na nusu, tukawasha injini na kutazama. Mwanzoni ilitoka hewa. Halafu oili ikaanza kuja kwa mikupuo, nyeusi na yenye povu, kisha ikatulia kuwa mtiririko mwembamba uliochanganyika na viputo. Fundi alivifurahia viputo hivyo. Alinieleza kwamba pampu ya kurudisha lazima iwe na uwezo wa kunyonya zaidi ya kile kinacholetwa, na viputo ni ushahidi kwamba inamaliza oili na kuanza kunyonya hewa. Mtiririko usio na kiputo ungemaanisha kwamba oili inasubiri foleni ndani ya tabo. Akanyoosha hozi ile mbele ya uso wangu ili nione vizuri, mikono yake imelowa hadi kwenye viwiko, naye hakutaka tuunganishe chochote mpaka injini ipate moto kamili na oili iwe nyepesi, kisha turudie kutazama.

Hozi zenyewe ni zile zenye nyuzi za chuma kwa nje, zimefungwa juu ya chasisi kwa ndani, mahali ambapo jiwe la barabarani haliwezi kuzifikia. Zina faida moja isiyotajwa sana: oili inayosafiri mita tatu kwenda na mita tatu kurudi inapoa njiani.

Baada ya oili, vumbi. Vifaa vingi vya Marekani vya namna hii huweka kichujio cha hewa nyuma, karibu na tabo, kikining'inia jirani na bampa. Kwa barabara ya lami huenda kinafaa. Kwa njia ya Chimala kwenda Matamba hakifai hata kwa siku moja, kwa sababu magurudumu ya nyuma hurusha vumbi lote mahali hapohapo, na mvua ikinyesha kichujio kiko usawa wa madimbwi. Gurudumu la hewa la tabo huzunguka makumi ya maelfu ya mara kwa dakika, na mchanga uliopenya kichujio unalikwangua kingo zake hadi zinakuwa butu. Tulikipandisha kichujio hadi ndani ya kona ya nyuma ya bodi, juu ya tairi, katika nafasi iliyo nyuma ya paneli ya plastiki, na hewa inaingia kupitia tundu la juu lenye sponji ya kuzuia vumbi la kwanza. Bado ninakifungua na kukipuliza mara nyingi kuliko nilivyokuwa nikifanya na kile cha zamani. Maji ya mto nayo ni jambo la kuliogopa kwa sababu nyingine: nyumba ya tabo ya chuma cha kusubu ikiwa imeiva kwa moto kisha ikazamishwa ghafla kwenye maji baridi inaweza kupasuka. Mtoni ninasimama, ninaiacha injini ipumue kwa mwendo wa taratibu, ndipo ninavuka.

Na kuna majani makavu. Watu wa mbugani wanajua kwamba ekzosi ya moto ikigusa nyasi za kiangazi inaweza kuteketeza gari. Tabo ya nyuma huongeza kitu chenye moto mkali zaidi palepale ambapo nyasi hukwama, jirani na tanki la petroli, mabomba ya breki na tairi ya akiba. Ngao za bati zenye nafasi ya hewa katikati ni za lazima, na zikaguliwe kwa mkono kila baada ya safari ya porini. Hili silijadili na mtu.

Upande wa petroli sikuhitaji mengi, kwa kuwa mgandamizo ni mdogo. Injini hii katika matoleo ya awali ina uwiano wa ukandamizaji wa 9.6 kwa 1, na TRD, kitengo cha Toyota cha magari ya michezo, kiliwahi kuuza katika soko la Marekani supachaja ya injini hii, yaani kisukuma hewa kinachozungushwa na injini yenyewe badala ya moshi, jambo lililonihakikishia kwamba bloku na pistoni zinavumilia hewa ya ziada iliyopimwa. Sensa inayopima hewa niliiacha mbele, mahali pake pa asili, ili hewa ipite hapo ikiwa tayari imegandamizwa. Klipu yoyote ikilegea chini ya sakafu, hewa inayovuja haijapimwa bado, kwa hiyo nguvu inapungua lakini mchanganyiko hauharibiki. Valvu ya kupumulia, inayoachia hewa iliyogandamizwa unapoondoa mguu kwenye mafuta, nayo iko kabla ya sensa kwa sababu hiyohiyo. Kazi iliyobaki ni ya kompyuta ndogo ya nyongeza inayoongeza petroli na kuchelewesha cheche pindi mgandamizo unapopanda, na hiyo ilirekebishwa na mtaalamu aliyekaa kiti cha abiria na geji ya mchanganyiko mkononi hadi aliporidhika kwamba injini haigongi hata kwenye joto la mchana la Ruaha Mbuyuni.

Westigeti, ule mlango mdogo unaoupitisha moshi pembeni hewa ikitosha, ina springi ya bar 0.35. Kitulo ninapata jumla ya takriban bar 1.09 ndani ya manifoldi, zaidi kidogo ya alichonacho mtu anayeendesha gari lisilo na tabo ufukweni Kunduchi.

Barabarani, mfumo huu una milima yake inayoupenda na mingine inayoukataa. Kitonga ni mlima wake. Unapoanza kupanda, moshi unakuwa mwingi na wa moto mfululizo, bomba linapata joto lake, na tabo inashika kazi na kubaki hapo hadi juu. Giaboksi inatulia kwenye gia ya tatu mahali ambapo zamani ilihangaika kati ya ya pili na ya tatu, na ukipata nafasi ya kulipita lori lililojaa mbolea unalipita ukiwa na akiba. Kutoka Iringa hadi Makambako gari linakwenda kama vile lingekuwa linazunguka Bagamoyo. Chimala kwenda Matamba ni habari nyingine. Njia ile ina kona 57 zilizopindana juu ya ukuta wa mlima, na katika kila kona unaachia mafuta, moshi unapungua, bomba linapoa, na unapokanyaga tena unasubiri sekunde moja, wakati mwingine mbili, kabla mgandamizo haujarudi. Hapo ninatumia gia ndogo za L na kuiacha injini izunguke kwa kasi zaidi ili tabo isilale. Mwenye gari ambaye safari zake zote ni za kona na mawe angepata furaha zaidi kwenye supachaja, au kwenye dizeli yenye tabo yake ya kiwandani.

Petroli haijapungua na sikutarajia ipungue. Mlimani inanywa zaidi kwa sababu sasa inafanya kazi zaidi. Kampuni ya bima niliipa maelezo ya mabadiliko kwa maandishi. Oili ya injini ninaibadilisha mapema kuliko kitabu kinavyosema, na kila inapomwagwa fundi hufungua chujio la wavu la pampu ya nyuma na kulipitisha kidole chake, akitafuta chembe. Kilichobaki sasa ni giaboksi, ambayo inapokea nguvu isiyoizoea kwenye mwendo mrefu wa kupanda: nimeshanunua kipozeo cha oili yake na geji ya joto, na vyote viwili vitafungwa kabla mvua za masika hazijaifanya njia ya Matamba kuwa tope.